Filamu yangu ya katuni inatetemeka na muda unakwisha: nifanyeje?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea sanaa, na kazi yangu ya kuhitimu ni filamu fupi ya katuni iliyochorwa kwa mkono. Hadithi ni ya dakika sita, inahusu bibi fundi redio na mjukuu wake. Nimebakiwa na miezi minane. Nachora kwa penseli kwenye karatasi, napiga kila mchoro picha kwa simu, halafu natia rangi kwenye kompyuta. Nilisoma kwamba filamu ni picha 24 kwa sekunde, basi ndivyo ninavyochora. Mpaka sasa nina sekunde 40 zilizokamilika na rangi zake, lakini picha inatetemeka, na bibi anazidi kunenepa kadiri anavyotembea. Wenzangu wengine wanasema ninunue kibao cha kuchorea, wengine wanasema niache mkono nihamie kwenye katuni za kompyuta za pande tatu. Mwishoni nataka kuweka wimbo wa msanii maarufu, sekunde 30 tu. Mkono nao umeanza kuuma na vidole vinakufa ganzi usiku. Je, nimeshachelewa?*

Marahaba. Hujachelewa bado, ila kwa mpango ulio nao sasa utachelewa tu, hata ukiacha kulala. Umeniuliza kuhusu kibao, mtetemo, unene wa bibi, wimbo na vidole, na yote nitayajibu. Lakini shida iliyoyazaa karibu yote ni moja: umeanza kuimalizia filamu kabla hujaijua. Sekunde 40 zina rangi kamili, na dakika tano na ushei zilizobaki ziko kichwani mwako. Kwa hiyo leo hii acha kutia rangi. Tutarudi huko baadaye sana.

Tupige hesabu kwanza, maana wanafunzi wengi huikwepa mpaka mwezi wa mwisho. Dakika sita ni sekunde 360. Ukichora michoro 24 kwa kila sekunde, unahitaji michoro 8,640. Tuseme mchoro mmoja, kuanzia penseli hadi rangi, unakula dakika 20, na hiyo ni kasi ya mtu aliyekwisha kuzoea. Hizo ni saa 2,880. Miezi minane ni kama wiki 34. Ukiwa na masomo mengine, kupata saa 15 kwa wiki ni bidii ya kusifiwa, na jumla yake ni saa 510. Ndiyo maana nakuambia mapema kwamba hakuna kifaa utakachonunua kikaziba pengo hilo.

Sasa hiyo namba 24. Ni kweli sinema huonyeshwa kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, kasi iliyozoeleka tangu filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini hiyo ni kasi ya kuonyesha. Haisemi lolote kuhusu michoro mingapi mipya inahitajika. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Ukikaa fremu tatu, minane inatosha. Huu si ujanja wa wavivu. Mfaransa Émile Cohl mwaka 1908 alitengeneza filamu yake ya kwanza ya katuni kwa michoro kama 700, na kila mmoja akaupiga picha mara mbili. Mwaka 1963 mchoraji Tezuka Osamu alipoanza kurusha katuni ya televisheni kila wiki huko Japani, alipunguza michoro zaidi: mhusika anasimama tuli, mdomo peke yake unacheza, na michoro ya zamani inarudiwa kwenye vipindi vipya. Watazamaji walibaki.

Kwa nini jicho linakubali? Huenda umefundishwa kwamba picha hubaki kidogo ndani ya jicho hadi nyingine inapofika. Maelezo hayo hayatoshi, kwani kama yangetosha tungeona picha zimepandana, yaani ukungu mtupu. Anayefanya kazi ni ubongo. Ukiona umbo hapa, kisha muda mfupi baadaye umbo linalofanana nalo karibu na hapo, ubongo unaamua wenyewe kwamba limehama, na unakupa hisia ya mwendo ambao haukuwepo. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha uchunguzi wake kuhusu jambo hili mwaka 1912. Kwa mchoraji, funzo lake ni kwamba kinachobeba mwendo ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Nafasi zikiwa ndogo, kitu kinaonekana polepole. Zikiwa kubwa, kinaonekana kasi. Zikianza ndogo, zikapanuka, kisha zikabana tena, kinaonekana kina uzito. Zikiwa kubwa mno, ubongo unakataa na unaona vitu viwili tofauti. Ni hapo tu, kwenye mwendo wa kasi unaovuka sehemu kubwa ya kioo, ndipo michoro 24 inapokuwa na faida.

Na hapa kuna jambo ambalo pengine litakushangaza: kuchora 24 kumechangia mtetemo wako. Bibi anapoinua kikombe polepole, tofauti kati ya mchoro mmoja na unaofuata inakuwa ndogo kuliko upana wa mstari wa penseli. Mkono wa binadamu hauna usahihi huo. Kosa lako la kawaida la nusu milimita linakuwa kubwa kuliko mwendo wenyewe, basi mtazamaji anaona makosa badala ya mwendo. Ukipunguza michoro kwa nusu, kila mmoja unapiga hatua kubwa zaidi na makosa yanamezwa humo.

Lakini mtetemo una sababu zaidi ya moja, na dawa zake hazifanani. Tafuta kwenye sekunde zako 40 kitu ambacho hakipaswi kusogea, mfano mguu wa meza, uutazame huo tu. Ukiona meza yote inaruka, tatizo ni karatasi na simu. Karatasi hazikai mahali pamoja, au simu inahama kidogo kila unapoigusa kupiga picha. Studio hutumia upau wenye vigingi vitatu, cha kati cha mviringo na viwili vya pembeni bapa, na kila karatasi hutobolewa kuendana navyo. Usipoupata, mashine ya kutobolea karatasi ya ofisini na vigingi viwili vilivyogandishwa kwenye ubao vinafanya kazi ileile, mradi utoboe kila karatasi ukiwa umeisukuma hadi mwisho. Simu ifunge juu ya meza isiguswe. Tumia kipima muda au spika za masikioni zenye kitufe kupiga picha. Kama una skana, bora zaidi: gandisha vigingi kwenye ukingo wake.

Ukiona meza imetulia lakini mwanga unapanda na kushuka, simu inajirekebisha yenyewe. Funga mwangaza, rangi na fokasi visibadilike, na usitegemee mwanga wa dirishani, kwa sababu wingu moja likipita umepoteza jioni nzima. Fokasi nayo ina tabia mbaya ambayo watu hawaijui: inapojirekebisha, ukubwa wa picha hubadilika kidogo, na wewe utadhani umechora vibaya.

Kama ni mistari peke yake inayochemka huku umbo limekaa sawa, hilo ni jambo la mtindo. Mistari ya mkono huchemka, na mimi binafsi napenda ikichemka. Kinachokera ni pale inapochemka kwenye onyesho hili na kuganda kwenye lile. Mhusika akisimama tuli, chora pozi hilohilo mara tatu kwa kulipitisha juu ya meza ya taa, yaani kioo chenye mwanga chini yake, kisha zungusha hiyo mitatu. Atapumua, hataganda, na umetumia karatasi tatu kwa sekunde nyingi upendavyo.

Sababu ya mwisho hujificha. Kama mandhari inasogea kila fremu lakini bibi amechorwa kwa fremu mbilimbili, miguu yake itateleza na kurukaruka hata kama michoro ni safi kabisa. Vyote viwili vishikwe kwa kasi moja. Ukianza kuchora 12, sogeza mandhari nayo kila baada ya fremu mbili, au bora zaidi, acha kamera itulie. Filamu ya mwanafunzi haihitaji kamera inayotangatanga.

Tuje kwa bibi anayenenepa. Nadhani unachora mchoro wa kwanza, kisha wa pili ukitazama wa kwanza, wa tatu ukitazama wa pili, na kuendelea. Njia hiyo ni nzuri kwa moto, moshi, maji na vurugu. Kwa mtu anayetembea, kila kosa dogo linarithiwa na mchoro unaofuata, mpaka bibi anafika mlangoni akiwa mtu mwingine. Geuza utaratibu. Chora kwanza michoro mikuu, ile inayosimulia: mguu unapogusa ardhi, uzito unaposhuka, mguu mwingine unapopita. Pembeni weka karatasi moja yenye bibi wa mbele, wa ubavuni na wa nyuma, na vipimo vyake: urefu wake ni vichwa vingapi, bega linafika wapi, shanga ziko ngapi. Pima michoro mikuu dhidi ya karatasi hiyo, ndipo ujaze ya katikati. Ya katikati ikikosewa, kosa haliendi mbali, kwa sababu mchoro mkuu unaofuata unalizuia.

Kuhusu mwendo wenyewe, mtu mzima anayetembea kawaida hupiga hatua moja kwa kama fremu 12. Bibi mpe 16. Hatua mbili ni fremu 32, yaani michoro 16, na ukishaipata unaweza kuirudia kila anapotembea kwa pembe hiyo. Usichore matembezi mapya bila sababu ya hadithi.

Sasa nirudi pale nilipokuambia uache rangi, kwa sababu ndipo filamu yako itakapookolewa. Andaa storibodi yote, picha ndogondogo za kila onyesho, hata za vijiti. Zipige picha, ziweke kwenye programu ya kuhariri video, kila moja ikae muda unaodhani inastahili, kisha jirekodi mwenyewe kwa simu ukisema maneno yote na kuigiza milio. Hiyo huitwa animatiki. Ni filamu yako nzima, mbaya wa sura, ndani ya wiki mbili. Ionyeshe kwa mtu asiyejua hadithi na ukae kimya. Usimweleze chochote. Pale anapotazama pembeni pana sekunde za kukata, pale anapouliza "huyu ni nani?" pana picha inayokosekana. Kukata hapa kunakugharimu mchoro mmoja wa vijiti. Kukata baada ya rangi kunakugharimu mwezi, na mbaya zaidi, moyo utakataa. Utaacha onyesho bovu ndani ya filamu kwa sababu tu ulilihangaikia.

Ushauri wangu ni dakika mbili. Najua sita zilikuwa na mambo mengi, lakini kati ya hadithi za dakika sita za wanafunzi nilizopata kuzitazama, nyingi zina dakika mbili nzuri na nne za watu kuingia na kutoka milangoni. Dakika mbili kwa michoro 12 ni 1,440. Kama theluthi moja ya muda huo itabebwa na pozi zilizosimama, mizunguko na mandhari tupu, unabaki na kama 960. Kwa dakika 20 kila mmoja, ni saa 320, na zinazobaki hadi 510 unazitumia kwa storibodi, mandhari, sauti na marekebisho. Zidisha sasa zile sekunde zako 40 kwa 24 uone umeshachora mingapi: 960. Umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kuchora filamu nzima.

Kibao cha kuchorea? Kinasaidia kwa kweli kwenye jambo moja: kinafuta hatua ya kupiga picha na kinakuonyesha mwendo papo hapo. Hakichori haraka kuliko wewe, na wiki kadhaa za kwanza utachora polepole zaidi. Kama unaweza kuazima kimoja cha chuo, kijaribu kwenye onyesho moja kabla ya kutoa pesa. Programu za bure zipo na ni imara. Krita inafaa kwa anayependa hisia ya brashi, Pencil2D ni nyepesi kwa kompyuta dhaifu, na OpenToonz, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016 ikiwa na maboresho yaliyofanywa kwa ajili ya Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani, ni nzuri sana kwa michoro ya karatasi iliyoskaniwa. Ila inahitaji uvumilivu kujifunza. Yoyote utakayochagua, hifadhi kazi kama mfuatano wa picha, usiihifadhi kama video pekee, na nakala moja ikae nje ya chumba chako.

Kuhamia pande tatu sikushauri. Utaanza upya kujifunza kuunda maumbo, mifupa yake, taa na uchakataji wa picha, kila kimoja somo kamili, na muda wako wa kujifunza umekwisha. Programu zinazojaza michoro ya katikati zenyewe hufanya vizuri kwa maumbo sahili yanayoteleza, lakini kichwa kinapogeuka mara nyingi huharibu. Kama utazitumia, uliza kwanza kanuni za idara yako. Marafiki je? Waombe watie rangi, wasichore bibi. Rangi inafuata maelekezo. Mstari unabeba mkono wa mtu, na mikono mitatu itakupa mabibi watatu.

Kama wahusika wanazungumza, rekodi sauti kamili kabla ya kuchora midomo. Kwa Kiswahili una bahati ya irabu tano zilizo wazi, basi maumbo matano ya mdomo, moja la midomo iliyofungwa kwa m, b na p, na moja la meno juu ya mdomo kwa f na v yanakutosha. Usiwahi kuruka lile lililofungwa. Hilo ndilo jicho linalikagua. Na liweke fremu moja au mbili kabla ya sauti yake, litaonekana sawa kuliko likiwa pamoja nayo.

Wimbo wa msanii maarufu uache. Hakuna sheria ya jumla inayokupa sekunde 30 za bure, ingawa kila mwanafunzi ameisikia. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti; unahitaji ruhusa ya wote wawili kwa maandishi. Darasani huenda usiulizwe. Utaulizwa pale utakapotuma filamu kwenye matamasha, kama lile la Annecy nchini Ufaransa, lililoanza mwaka 1960 na lenye kundi maalumu la filamu za kuhitimu. Mtafute mwanafunzi wa muziki anayehitaji kazi ya kuonyesha, mwandikiane karatasi fupi inayosema unaweza kuutumia muziki wake wapi. Kama una mkataba wowote wenye malipo, mwonyeshe mtu wa sheria kabla ya kusaini.

Animatiki ikiwa tayari, mpelekee msimamizi wako ana kwa ana, na ukamwambie waziwazi kwamba unafupisha. Msimamizi anaweza kukusaidia kubadilisha pendekezo mwezi wa kwanza. Mwezi wa saba atakuonea huruma tu. Mwombe pia atazame jaribio la penseli la kila onyesho, yaani michoro ya penseli ikichezwa kama video, kabla hujaligusa onyesho hilo kwa rangi. Kuna kasoro za uzito na muda ambazo mimi siwezi kuziona kwa maelezo yako, lakini mtu aliyekaa kando yako ataziona mara moja.

Nimeacha mkono mwisho ingawa wewe ushughulikie kwanza. Maumivu ya uchovu huondoka ukipumzika siku moja au mbili. Ganzi ya usiku ni kitu kingine. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ukipuuzwa misuli ya gumba inaweza kudhoofika. Nenda kwa daktari wiki hii, usisubiri likizo. Kama umeanza kuangusha vitu au ganzi haiondoki mchana, nenda leo. Mpaka hapo, inua ubao uwe na mteremko, chora kwa bega badala ya kukunja kifundo, legeza penseli, na simama kila nusu saa. Daktari akikuambia upumzike wiki tatu, mwombe cheti uende nacho kwa msimamizi, muongeze muda kwa utaratibu. Katika wiki hizo unaweza kurekodi sauti na kuhariri animatiki kwa mkono mwingine.